Nungu Aliposema Tunawe Mikono

Kila asubuhi ya likizo kazi za Faidha zilikuwa zilezile: kufagia uwanja, kuosha vyombo, kuchemsha muhogo, kisha kumwamsha mdogo wake Razaki na kumpangusa uso. Huku juu kwenye uwanda wa Makonde, katika kijiji chao cha Makote, maji hayachezewi. Yaliyooshea vyombo hupelekwa kwenye mchicha. Yaliyo safi hutiwa katika chupa tupu za maji ya dukani na kupangwa nyuma ya mlango, yawe ya kunawa mikono tu. Mama Faidha alikuwa mkali juu ya chupa hizo kuliko hata juu ya sukari.

Baada ya hayo ilikuja kazi ambayo Faidha hakuihesabu kuwa kazi. Ilipofika saa nne alitakiwa akae na Razaki mbele ya runinga, ile ndogo ya sola ambayo baba yao aliinunua baada ya kuuza korosho.

Usije ukadhani ilikuwa starehe. Razaki alikuwa na umri wa miaka minne na ulimi wake ulikuwa mzito. Kila alichoambiwa alikielewa, na kukimbiza kuku alijua kama watoto wenzake, lakini maneno yake yalikuwa ya kuokoteza: "mama", "maji", "hapa", na "Fai", ndiye dada yake. Mama alikuwa akiamka nayo na kulala nayo, hofu hiyo ya kuwa na mtoto asiyesema. Basi Mwalimu Anjelina wa darasa la awali ndiye aliyemshauri kuhusu Nungu.

Nungu ni kikaragosi, nungunungu wa kitambaa mwenye miiba ya nyuzi na macho makubwa ya vifungo, anayechezeshwa na mkono wa mtu usioonekana. Kipindi chake kiliitwa Nungu Anauliza. Humo huimba, huhesabu, huonyesha pua na masikio, halafu huwauliza swali watoto wanaomtazama. Akishauliza hunyamaza, akasogeza sikio mpaka kwenye kioo na kusubiri. "Sijasikia vizuri! Sema tena!" Kisha hushangilia kama kwamba amejibiwa.

"Lakini kikaragosi hamwoni mtoto wako, Mama Faidha," mwalimu alieleza. "Hamsikii pia. Yeye anauliza tu. Kwa hiyo lazima awepo mtu pembeni, arudie swali, amsaidie mtoto kujibu, ampongeze. Mkimwacha peke yake na runinga, mjue mmemwacha peke yake."

Mama alishinda shambani, hivyo kazi ya kukaa pembeni ikamwangukia Faidha, mwanafunzi wa darasa la sita, mwerevu na mwepesi wa kuchoka. Na kazi ilianza kuzaa matunda. Siku moja Nungu alipouliza cha kunusia ni nini, Razaki alijishika usoni akasema, "Pua." Jioni mama aliposimuliwa alimbeba mtoto akacheza naye uwanja mzima, na majirani wakachungulia wakidhani kuna harusi.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Baba yao, Mzee Hamudi, alikuwa amechukua dumu la dawa ya maji kutoka chama cha ushirika, ile ya kuulia mbu wa mikorosho, wadudu wanaofyonza machipukizi mpaka yanakauka. Fungu moja lilikuwa la dada yake, Shangazi Somoe, ambaye shamba lake linapakana na lao. Baba hakuwa na chombo cha kumpimia. Akafanya kama wanavyofanya wengi msimu wa kupulizia: aliokota chupa tupu ya maji ya kunywa, akaijaza dawa hadi shingoni, akafunga kizibo.

"Hii ya shangazi yako," alimwambia Faidha. "Akipita mpe. Iweke juu ya kabati, mtoto asiishike."

"Ndiyo, baba," Faidha alijibu huku akimenya muhogo.

Mama, aliyekuwa akifunga majembe kwenye baiskeli, aliitazama ile chupa kwa jicho baya. "Baba Faidha, kweli hakuna chombo kingine?"

"Ni ya muda mfupi tu hiyo. Somoe yuko njiani."

Wakaondoka, baba na bomba la kupulizia mgongoni, mama nyuma yake. Chupa ikabaki sakafuni. Faidha alijiambia ataipandisha kabatini akimaliza kumenya. Alipomaliza kumenya kulikuwa na kufagia, na alipokuwa akifagia aliikuta njiani, akaisogeza kwa mguu hadi nyuma ya mlango isije ikaanguka. Pale ikasimama pamoja na chupa za kunawia. Dawa yenyewe ilikuwa nyangavu, na ungeikagua sana ndipo uone kwamba ina umanjano kidogo. Halafu runinga ikaanza kuimba, na Faidha akasahau.

Nungu alikuwa bado anawasalimia watoto Upendo alipotokeza mlangoni akihema. Upendo alikuwa rafiki yake wa dawati moja.

"Faidha, njoo bwana! Tumepungua mmoja. Wasichana wa Mtaa wa Juu wamekuja kucheza rede."

"Siwezi. Niko na mtoto."

"Basi nitawaambia. Maana wameshasema kwamba wewe ni mdomo tu, ukiona mpira unakimbilia kwa mama yako."

Maneno hayo yalimchoma. Katika rede, Faidha alikuwa hashikiki. Angeweza kukaa katikati akijaza chupa mchanga huku mpira ukirushwa kulia na kushoto, na usimguse hata upindo wa gauni. Alimtazama Razaki. Mtoto alikuwa amekaa mkekani na bakuli la muhogo, macho kwenye kioo, ametulia tuli.

"Razaki, kaa hapohapo. Nakuja sasa hivi."

"Fai?" mtoto aliuliza.

"Nakuja, nimekwambia."

Uwanja wa rede ulikuwa nyuma ya ua wa jirani, na sauti ya runinga ilifika mpaka pale. Faidha aliingia katikati akawaonyesha wa Mtaa wa Juu kazi. Walirusha, akainama. Walirusha tena, akaruka. Katikati ya kelele alimsikia Nungu akiuliza, "Kabla ya kula tunafanyaje?" Kukawa kimya, Nungu akisubiri. "Sijasikia! Tunanawa mikono! Haya, nenda ukanawe, nami ninakusubiri hapa!"

Faidha alisikia vizuri kabisa. Alifikiri kwamba Razaki hawezi kufungua chupa, na kwamba akimwaga maji kidogo mama hatajua. Wazo la chupa ya shangazi halikumjia. Akaomba acheze raundi moja zaidi.

Aliporudi, akiwa ametota jasho na amejaa furaha ya ushindi, Nungu alikuwa amekwisha kuondoka. Mtu fulani mwenye tai alikuwa akitangaza habari za bei ya mahindi. Mkeka ulikuwa mtupu. Razaki alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango mbele ya beseni, shati limelowa kifuani, bakuli lake la muhogo miguuni. Dawa ile ikikutana na maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Razaki alikuwa ameimimina juu ya maji yaliyokuwemo kwenye beseni, akaona weupe, akaamini ni povu la sabuni kama la Nungu. Alikuwa ameosha mpaka kwenye viwiko.

Alimwinulia dada yake mikono yote miwili, inachuruzika, uso wake unang'aa.

"Nimenawa," akasema.

Alilitamka lote, wazi, bila kumeza hata silabi. Kisha, kwa kuwa aliyenawa hula, akaokota kipande cha muhogo kwa vidole vile vyeupe na kukitia mdomoni. Bakulini vilibaki vipande viwili tu.

Harufu ndiyo iliyomwambia Faidha kilichotokea. Alipiga yowe, akamtia kidole mtoto kinywani, akautoa ule muhogo. Alimbeba mbio hadi uwanjani, akamvua nguo zote, akamsugua kwa sabuni na kumwagia maji ya chupa zote zilizobaki, tena na tena, akamsukutua mdomo huku mtoto akilia. Hakujali kwamba ni maji. Kama baada ya hapo angekimbia kwenda kumwita mtu mzima, hadithi hii ingekuwa fupi, na mimi nisingekuwa na haja ya kuisimulia kwa uchungu.

Lakini woga ulimwingia. Aliona sura ya baba, akaona fimbo ya mpera, akaona mama akimuuliza, "Ulikuwa wapi?" Razaki alikuwa amenyamaza sasa, amejifunga khanga, anaonekana mzima. Huenda hakumeza kitu. Huenda ingepita tu. Faidha alimwaga yale maji meupe nyuma ya choo, akatumbukiza shati la mtoto shimoni, akaichukua chupa iliyobaki nusu na kuisukumia chini ya rundo la magunia matupu ya korosho. Alifuta sakafu mpaka ikang'aa. Hakuwa amewahi kufanya usafi wa namna hiyo tangu azaliwe.

Shangazi Somoe alifika jua limepanda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Baba yako ameniachia dawa yangu?"

"Hapana, shangazi. Ameondoka nayo shambani."

Shangazi akaguna. Kisha akamwona Razaki mkekani. Mate yalikuwa yakimtoka mfululizo, yamelowesha khanga. Jasho lilimtiririka ingawa upepo wa Juni ulikuwa wa baridi. Alitapika, akajaribu kukaa, shingo ikakataa kukaa wima.

"Mtoto ana nini huyu? Amekula nini?"

"Muhogo," alisema Faidha.

Shangazi alishika kichwa. Watu wa huku wanaujua muhogo. Upo mtamu unaoliwa wa kuchemsha, na upo mchungu usioliwa mpaka ulowekwe na kukaushwa, la sivyo unaua. Mama Faidha alipanda aina zote mbili, tuta kwa tuta. "Amechanganya!" shangazi alifoka kwa Kimakonde. "Mama yenu amechimba mchungu!" Akatoa simu akampigia mama, akawaita na vijana wawili wa bodaboda. Faidha alisimama pale, na neno moja tu lingetosha. Halikutoka.

Mama alipofika mbio kutoka shambani, walikwenda hospitali, Newala mjini, kwa pikipiki mbili. Mama alimshika Razaki kifuani njia nzima. Faidha alipandishwa nyuma ya shangazi, maana yeye ndiye aliyekuwa na mtoto, na daktari angetaka kumuuliza.

Kweli aliulizwa. Daktari Nikolao alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya chini, na alikuwa akiongea huku mikono yake ikimpapasa mtoto kifuani.

"Nani alikuwa naye nyumbani?"

"Mimi."

"Alikula nini?"

"Muhogo wa kuchemsha."

"Basi? Hakushika dawa yoyote? Ya panya, ya mikorosho? Huu ni msimu wake."

Faidha alimgeukia mama. Mama alikuwa akimtazama. "Hapana. Nilikuwa naye muda wote."

Daktari alimfunua Razaki kope na kummulika. "Mboni zimekuwa kama ncha ya sindano," alimwambia muuguzi. "Huu sio muhogo ninaoujua mimi." Akamgeukia mama. "Mama, nataka uhakika. Dawa za wakulima ni nyingi, na kila moja ina namna yake ya kupambana nayo. Nikijua ni ipi, nitakwenda moja kwa moja. Nisipojua, nitakuwa napapasa, na mtoto huyu hana muda wa kupapaswa."

"Mwanangu hasemi uongo, daktari," mama alijibu. "Akisema muhogo, ni muhogo."

Daktari alitikisa kichwa, akaagiza dripu na hewa, akasema mate yavutwe yasimpalie, akawatoa nje wote. Mlango ukafungwa. Kutoka ndani ilisikika pumzi ya Razaki, nzito na yenye maji.

Ukumbini shangazi alishindwa kujizuia. Alikuwa anampenda Razaki, na hofu yake ilitoka kwa njia ya ukali. "Nilimwambia kaka yangu. Nilimwambia matuta yale yatenganishwe! Mwanamke gani hajui muhogo wa shamba lake? Kama hukumtaka mtoto kwa sababu hasemi, ungetuletea sisi tumlee!"

Watu kwenye mabenchi waligeuka. Mama aliegemea ukuta. Aliteremka taratibu ukutani hadi akakaa sakafuni, akautazama mkono wake wa kulia.

"Ni kweli," alisema. "Nilichimba jana, giza lilikuwa limeanza kuingia. Niliona ni ule mtamu. Sikuonja. Nimemuua mwanangu kwa mkono wangu mwenyewe." Akaanza kuupiga ule mkono sakafuni, mara baada ya mara, bila kulia, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine.

Faidha aliona. Alikuwa ameogopa fimbo, ameogopa kufokewa, lakini jambo hili hakulifikiria kabisa: kwamba uongo wake ungemtafuta mtu wa kumwangukia, na ungemwangukia mama. Tena angeweza kukaa kimya. Hakuna aliyekuwa akimshuku. Razaki akifa, kijiji kizima kingesema ni muhogo, na mama angeishi na mkono ule mpaka mwisho wa maisha yake. Faidha alisogea. Akapiga magoti mbele ya mama na kuushika ule mkono usipige tena.

"Mama, si muhogo."

"Niache, mwanangu."

"Si muhogo, mama! Ni dawa. Ni ile chupa ya shangazi. Nilikwenda kucheza rede, nikamwacha peke yake, Nungu akasema tunawe mikono, naye akanawa kwa dawa. Halafu akala kwa mikono ileile. Nilimwosha. Nikaficha chupa. Nilidanganya, mama."

Mama alimwangalia. Faidha alitaka apigwe, ingekuwa nafuu kuliko macho yale. Lakini muuguzi aliyekuwa akipita, Bi Scholastika, alikuwa amesikia, akamshika Faidha mkono kwa nguvu.

"Inuka. Njoo umwambie daktari mwenyewe, sasa hivi."

Akamwambia. Daktari hakumfokea hata kidogo, hakuwa na nafasi hiyo. "Dawa gani? Jina lake?"

"Sijui. Ya maji. Ya kuulia mbu wa mikorosho. Dumu liko na baba shambani."

Mama alipiga simu. Mzee Hamudi alikuwa akifunga vyombo ili awafuate. Aliambiwa asome maandishi yaliyoko kwenye dumu, akayasoma herufi kwa herufi, na alipofika katikati sauti ikamkatika, maana alikuwa amekwisha kuelewa. Daktari alirudia jina lile mara moja, akamwambia Scholastika dawa ya kuleta, akaufunga mlango tena.

Wakakaa ukumbini wote watatu. Mama alisema, bila kumtazama Faidha, "Alipokuwa ananawa alikuwa analia?"

"Hapana, mama. Alikuwa anafurahi. Alisema, 'Nimenawa.'"

"Alisemaje?"

"'Nimenawa.' Vizuri kabisa. Kama mimi na wewe."

Mama alijifunika uso kwa upindo wa khanga, na hapo ndipo alipolia.

Ilikuwa siku mbaya. Kuna wakati pumzi ya Razaki ilikatika, na kupitia upenyo wa mlango Faidha alimwona Scholastika akimsukumia hewa kwa mfuko wa mpira, akibana na kuachia, akibana na kuachia, huku daktari akimwongezea dawa kwenye mshipa. Faidha aliomba dua zote alizofundishwa madrasa, nyingine akizichanganya. Jua lilipoanza kushuka daktari alitoka akijifuta shingo.

"Mboni zinafunguka," alisema. "Hajapona. Lakini sasa tunajua tunapigana na nani."

Baba alifika na vumbi lake lote. Dada yake alipoinuka kumpokea, alimzuia kwa mkono. "Nimesikia hapo nje ulivyomwambia mama wa watoto wangu mbele za watu. Chupa ilikuwa yako, Somoe, na niliyeijaza ni mimi. Mama Faidha alinionya, nikaona ni maneno ya wanawake."

Shangazi alipiga magoti mbele ya mama. "Nisamehe, wifi yangu."

"Nitakusamehe," alisema mama. "Leo siwezi."

Razaki alikaa wodini siku nyingi, amekonda, mkono umefungwa ubao ili asichomoe sindano. Alifungua macho, akawatambua, akanyoosha kidole alipotaka maji, lakini hakusema hata yale maneno yake ya kuokoteza. Daktari alisema mwili umechoka na woga bado umemjaa. Maneno yangerudi, ila hakuna wa kuahidi ni lini. Ilibidi waanze upya, taratibu, wakiongea naye kila siku bila kuchoka.

Faidha alikuwa akija na chakula kutoka nyumbani. Mama alimpokea bakuli, akaitikia shikamoo yake, basi. Hakumchapa, hakumfokea, hakumuuliza kitu. Faidha alikuwa akisimama mguuni mwa kitanda kama mgeni, mikono nyuma. Siku moja Bi Scholastika alimkuta pale akamwambia kwa upole, "Kumwosha ulimsaidia sana. Ungetuambia palepale, ungemsaidia zaidi."

Asubuhi waliyoambiwa kwamba Razaki angeruhusiwa kurudi nyumbani, mama alimnyooshea Faidha bakuli la uji na kijiko.

"Mlishe."

"Mimi, mama?"

"Kwani yuko dada mwingine?"

Faidha alirudi nyuma hatua moja. "Ninaogopa."

"Ni vizuri uogope. Kaa hapa." Mama alisogea kitandani akampisha. Alikunja khanga, kisha akaanza kusema, na sauti yake haikuwa kali.

"Kwenda kucheza nakuelewa. Hata mimi niliwahi kukimbia kazi nikacheza. Ulikosea, na Mwalimu Anjelina alitueleza kwa nini mtoto asiachwe, lakini nakuelewa. Baba yako naye alikosea, kutia sumu kwenye chupa ya maji ya kunywa. Tangu leo nyumbani kwetu sumu inakaa kwenye chombo chake chenye maandishi yake, imefungiwa, na Somoe atakuja na chombo chake mwenyewe. Hayo yamekwisha."

Alitazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa bado umevimba.

"Lakini wewe ulisimama pale ukaniona. Shangazi yako ananivua nguo mbele za watu, mimi najiita muuaji, nawe unajua. Na mtoto yuko nyuma ya mlango, kila dakika uliyokaa kimya ilikuwa inamtoka yeye. Uongo haukai mfukoni mwa aliyeusema, Faidha. Unakwenda kukaa juu ya mtu mwingine, na mara nyingi ni yule anayekuamini."

Faidha alikuwa akilia, machozi yanadondokea kwenye uji. "Nisamehe, mama."

"Ulipoushika mkono wangu nilishakusamehe. Nilichelewa tu kukwambia." Mama alimpangusa uso kwa khanga kama anavyopanguswa mtoto mdogo. "Ila nisikilize. Utakosea tena, mwanangu, wewe ni mtu. Siku hiyo usifute sakafu, usifiche kitu. Njoo kwangu mbio. Huenda nitakufokea, huenda nitakuchapa, lakini njoo mbio kabla sijauliza. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Mtoto ana njaa."

Faidha alichota uji, akaupuliza, akaujaribu kwanza kwenye mdomo wake mwenyewe. Kisha akakipeleka kijiko kwa Razaki, na mdogo wake, aliyekuwa akimtazama muda wote, akafungua kinywa.